Pesa iliyozama: maneno ya Kiingereza yanayotajwa sana Nairobi na kutumiwa ovyo

Mwanzisha uzi:

Wandugu, habari za jioni. Kwenye makundi ya uwekezaji ya hapa Nairobi siku hizi mjadala hauishi kabla mtu hajaandika "sunk cost", yaani pesa iliyozama. Mwenye gari bovu anaambiwa hivyo. Mwenye ploti yenye kesi, hivyo hivyo. Hata dada anayeishi na mtu miaka mingi bila kupelekwa kwa wazazi anaambiwa hivyo. Nimeona watu wakishauriwa kutupa vitu vyenye thamani kwa sababu ya maneno haya mawili, na wengine wakizidi kuchoma pesa kwa kutoyaelewa. Naandika kirefu kwa sababu hapa ndipo jasho la watu linapopotelea.

Maana yenyewe si ngumu. Ni pesa, muda au nguvu ambayo imeshatoka, na hakuna uamuzi wowote utakaoufanya leo utakaoirudisha. Ukiendelea, imekwenda. Ukiacha, imekwenda. Kwa kuwa iko sawa pande zote mbili, haiwezi kukusaidia kuchagua upande. Waliosoma CPA, ile kozi ya wahasibu, wanaikumbuka kwenye uhasibu wa usimamizi: gharama ya jana haiingizwi kwenye hesabu ya uamuzi wa kesho. Wazee nao walishasema maji yakimwagika hayazoleki. Lakini tunayo pia ile ya maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge, na mtu akishabanwa ni hii ya pili inayomjia mdomoni.

Twende kwa mfano wenye namba. Kuna jamaa wa Umoja, rafiki yangu, alinunua gari la mtumba kwa shilingi 600,000. Halafu likaanza. Leo sasipenshe, kesho redieta, baadaye injini. Akatumia 180,000. Juzi nilimsindikiza gereji moja pale Kirinyaga Road. Giaboksi ilikuwa imefunguliwa juu ya katoni, nati zimepangwa ndani ya kifuniko cha kopo la rangi ili zisipotee, na fundi anataka 90,000 nyingine. Rafiki yangu akasita. Fundi akamwambia kwa upole kabisa, "Mkubwa, umeshaweka laki na themanini hapa. Ukiachia sasa si utakuwa umezitupa?"

Sentensi hiyo ndiyo ninayoiogopa. Sisemi fundi ni mwongo, huenda anaamini anachosema. Lakini zile 180,000 zimeshaliwa. Swali la leo ni moja: gari hili likiuzwa lilivyo, linaleta ngapi, na likitengenezwa linaleta ngapi? Tuliuliza madalali. Lilivyo, 280,000. Likitembea vizuri, 350,000. Kwa hiyo anatakiwa atoe 90,000 ili aongeze 70,000. Alikuwa anataka kuliuza hata hivyo, basi jibu ni kuliuza lilivyo. Sasa badilisha namba moja tu. Lingekuwa linauzwa 200,000 likiwa bovu, 90,000 ingemwongezea 150,000, na hapo kulitengeneza kungekuwa na akili. Angalia kwamba kwenye hesabu zote mbili ile 780,000 aliyokwisha kutoa haijatajwa popote.

Na hapa ndipo watu wanapokosea upande wa pili. Kuambiwa pesa imezama hakumaanishi uache. Kunamaanisha usiihesabu. Baada ya kuitoa kwenye hesabu unaweza kukuta kuendelea ndiko bora.

Kosa la tatu ni kuita kila kilichotumika kuwa kimezama. Dipoziti ya nyumba ambayo kwa mkataba utarudishiwa ukihama haijazama. Mashine ya kushona uliyonunua 25,000 na Gikomba utapewa 15,000 leo, kilichozama ni 10,000 tu. Ile 15,000 bado ni yako, na ukiendelea kuiacha mashine stoo unailipia kila siku, maana pesa hiyo ingekuwa inafanya kazi nyingine. Kabla ya kutamka kwamba pesa imezama, uliza kwanza ni kiasi gani kinaweza kuopolewa.

Msomaji wa Kayole:

Mzee, umeeleza vizuri. Lakini kwani binadamu hajui haya? Mbona tunaendelea kung'ang'ania?

Mwanzisha uzi:

Ndugu yangu, swali hilo limechunguzwa. Mwaka 1980 mwanauchumi Richard Thaler, ambaye alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2017, aliandika kwamba watu halisi hawafuati hesabu ya vitabuni, na hili la pesa iliyozama akalitoa kama mfano. Mwaka 1985 Hal Arkes na Catherine Blumer wakachapisha jaribio walilolifanya kwenye ukumbi wa maigizo wa Chuo Kikuu cha Ohio. Watu 60 wa kwanza kuja kununua tiketi za msimu waligawanywa kwa bahati nasibu. Wengine walilipa bei kamili ya dola 15, wengine walipunguziwa dola 2, wengine dola 7. Wote walikuja dirishani wakiwa tayari kulipa bei kamili, kwa hiyo hamu yao ilikuwa sawa. Kwenye michezo mitano ya mwanzo, waliolipa kamili walihudhuria wastani wa michezo 4.11, waliopunguziwa 3.3 hivi. Igizo ni lile lile, kiti ni kile kile. Kilichowasukuma kutoka nyumbani ni pesa iliyokwisha kutoka. Nusu ya pili ya msimu tofauti hiyo ikayeyuka.

Kwenye utafiti huo huo waliwauliza watu swali la karatasini. Umelipa dola 100 kwa safari ya Michigan na dola 50 kwa safari ya Wisconsin. Unaamini ya Wisconsin itakufurahisha zaidi. Ghafla unagundua zote mbili ni wikendi moja na hakuna kurudishiwa. Utaenda wapi? Zaidi ya nusu walichagua Michigan, safari wasiyoipenda sana, kwa sababu iliwagharimu zaidi.

Lakini utafiti ninaouthamini kuliko yote ni wa Barry Staw, wa mwaka 1976. Aliwapa wanafunzi wa biashara kazi ya kugawa pesa za utafiti kwenye kampuni ya kubuni. Baadhi walichagua wenyewe idara ya kupewa pesa, wengine walikuta uamuzi umeshafanywa na mtu mwingine. Halafu wakaletewa matokeo. Walioongeza pesa nyingi zaidi kwenye idara iliyofanya vibaya ni wale walioichagua kwa mkono wao. Yaani hasara ya mwenzako unaiona mchana kweupe, yako unaifunika kwa noti nyingine.

Kwetu nadhani hili lina uzito zaidi kwa sababu uamuzi mkubwa huwa na mashahidi. Ukianza kujenga ushago, kijiji kizima kimeona lori la mchanga. Ukifungua duka, shangazi alikuja kuliombea. Mtu haogopi kupoteza 200,000. Anaogopa Desemba, atakapoulizwa "ile kitu yako iliishia wapi?" Ndiyo maana utakuta mtu anakopa kwa simu kila mwezi kulipia kodi ya duka ambalo halijawahi kuleta faida. Duka limeshakufa. Anacholipia ni kutoulizwa.

Dada wa Ruaka:

Umenigusa hapo kwa mashahidi. Mimi nasikia pia wakisema mambo ya Concorde. Ndege inaingiaje hapa?

Mwanzisha uzi:

Dada, inaingia vizuri. Ni ndege ya abiria iliyoruka kwa kasi kuliko sauti, na Uingereza na Ufaransa zilitia saini mkataba wa kuijenga Novemba 29, 1962. Ikaruka mara ya kwanza Machi 2, 1969 kule Toulouse, ikaanza kubeba abiria Januari 21, 1976, ikastaafu mwaka 2003. Gharama zilipanda hata ikajulikana mapema kwamba haitarudisha pesa. Zilijengwa 20, na 14 pekee ndizo zilizobeba abiria, kwa British Airways na Air France. Hakuna shirika jingine lililozinunua. Kuendelea kwa sababu tu umeshatumia nyingi kukaitwa kosa la Concorde, na mmoja wa watu waliolieneza jina hilo ni mwanabiolojia Richard Dawkins, miaka ya 1970, akizungumzia kama wanyama nao huendelea kulea kwa sababu tu wameshawekeza nguvu.

Lakini nina neno moja la kutetea. Mwaka 1964 serikali mpya ya Uingereza ilitaka kujitoa, ikakuta mkataba hauna kifungu cha kujitoa na Ufaransa ingeweza kuishtaki. Faini ya kuvunja mkataba si pesa iliyozama, ni pesa ya kesho, na hiyo inahesabiwa. Kwa hiyo ukimwona mtu hataki kuacha jambo, angalia kwanza kama amefungwa kwa karatasi kabla ya kumwita mjinga. Anayelipa kodi ya kibanda asichokitumia kwa sababu mkataba wake unamtaka alipe hadi Juni akitoka au asitoke, hajakosea chochote.

Abiria wa Rongai:

Basi na reli ya SGR je? Kila mara naisikia hoja kwamba tumeshajenga mpaka Suswa, lazima ifike Malaba mpakani.

Mwanzisha uzi:

Bila siasa, kaka. Mombasa hadi Nairobi ilifunguliwa Mei 31, 2017, na kipande cha kwenda Naivasha, hicho kinachofika Suswa, kikafunguliwa Oktoba 2019. Deni la vipande hivyo lipo tuendelee tusiendelee. Kwa hiyo "tumeshatumia nyingi" haitoshi kuwa sababu ya kuendelea, na vile vile haitoshi kuwa sababu ya kuacha. Hoja halali ni hii: kipande kilichobaki kitagharimu kiasi gani, na kitaleta mizigo na abiria kiasi gani ambao hawapo leo? Anayesema "kufika mpakani kutaongeza thamani ya reli nzima" ametoa hoja nzuri, kwa sababu anazungumzia faida ya kesho. Anayesema "hatuwezi kuachia njiani baada ya gharama yote hiyo" hajatoa hoja, ametoa uchungu. Wanaweza kuwa wanataka kitu kimoja, ila mmoja tu ndiye anayeweza kukaguliwa kwa hesabu.

Mwanachuo:

Shikamoo. Mimi niko mwaka wa tatu kati ya minne, kozi siipendi. Mamangu ameuza ng'ombe kwa karo. Rafiki zangu wananiambia miaka mitatu ni pesa iliyozama, nitoke nianze upya. Nifanyeje?

Mwanzisha uzi:

Marahaba mwanangu. Marafiki zako wamelijua neno wakaruka hesabu. Miaka mitatu imekwenda, kweli. Lakini imekuacha mahali ambapo digrii iko umbali wa mwaka mmoja. Uamuzi wako si "miaka minne ya kozi nisiyoipenda". Ni mwaka mmoja kwa digrii kamili, dhidi ya labda miaka minne mingine na karo nyingine kwa kitu kipya. Zipo kazi hapa nchini zinazotaka digrii yoyote, hazisemi ya nini. Ungekuwa mwaka wa kwanza, muhula wa pili, ningekujibu tofauti kabisa. Kilichobaki kuwa kidogo ni sababu halali ya kumaliza, na watu huichanganya na kosa lenyewe kwa sababu kwa nje vinafanana.

Ng'ombe wa mama usimweke kwenye mizani. Najua ni ngumu, na kumheshimu mama ni jambo jema. Lakini yeye hakumuuza ili umalize kozi fulani. Alimuuza ili usimame. Kaa naye umuulize, huenda utashangaa ana mawazo mapana kuliko unavyohofia.

Mpangaji wa Kilimani:

Niulize pembeni kidogo. Kwenye apatimenti yetu kuna ada inaitwa "sinking fund", elfu mbili kila mwezi juu ya ada ya huduma. Hiyo nayo ni pesa iliyozama? Jirani anatuambia tukatae kulipa.

Mwanzisha uzi:

Hapana, hiyo ni kinyume chake kabisa, na nashukuru umeuliza. Huo ni mfuko wa akiba. Mnachanga kidogo kidogo ili lifti ikifa, paa likianza kuvuja au pampu ya maji ikiungua, pesa iwepo bila kumkimbilia kila mtu kwa laki moja siku hiyo hiyo. Jina lilitoka kwenye madeni ya serikali. Uingereza ilikuwa na mifuko ya namna hiyo tangu karne ya 18 ya kupunguza deni la taifa, na waziri mkuu William Pitt akauanzisha upya mwaka 1786. Kinachozama hapo ni deni, si pesa yenu.

Kwa hiyo msikatae kulipa, kataeni kulipa gizani. Ulizeni akaunti iko wapi, imetengwa na ile ya mlinzi na usafi au zimechanganywa, na mara ya mwisho taarifa ya benki ilionekana lini. Wamiliki wa nyumba za ghorofani wana shirika lao la usimamizi chini ya sheria ya mwaka 2020, na hesabu hizo ni haki yao kuziona. Kama wewe ni mpangaji tu, ongea na mwenye nyumba wako. Jengo linalokarabatiwa ni mali yake, na kwa maoni yangu ni yeye anayepaswa kubeba ada hiyo, isipokuwa mkataba wenu unasema vingine.

Dereva wa Route 33:

Na mtu aliyekaa stegi saa nzima akingoja matatu? Aondoke atembee au aendelee kungoja?

Mwanzisha uzi:

Swali zuri kuliko linavyoonekana. Saa nzima imekwenda, usiilipie. Lakini saa hiyo imekufundisha kitu. Ikiwa kwa kawaida matatu hupita kila dakika kumi na leo saa nzima hakuna, kuna tatizo barabarani, pengine mgomo, pengine msako wa polisi. Basi habari uliyoipata kwa kungoja inakuambia uondoke. Wakati uliopotea haurudi, ila ulichojifunza ndani yake kina kazi. Vivyo hivyo kwa biashara: mauzo ya miezi iliyopita hayarudishi hasara, lakini ndiyo ushahidi bora ulio nao kuhusu miezi ijayo. Usiutupe ushahidi pamoja na hasara.

Mama wa Pipeline:

Mimi nimesoma yote nikiwa na donge. Nilinunua ploti Ruai, nikalipa 450,000 kwa awamu. Sasa ametokea mtu mwingine na karatasi zake. Wakili ameshachukua 60,000 na anataka 80,000 nyingine. Mume wangu anasema tutupe jongoo na mti wake. Mimi nafsi inakataa. Naomba ushauri, baba.

Mwanzisha uzi:

Pole sana mama. Mume wako ana hoja na wewe una hoja, na tofauti yenu itamalizwa na habari, si na uchungu. Mimi si wakili, ila nikueleze namna ya kulipanga.

Kwanza, tenganisha. Zile 60,000 za wakili zimezama, hata ukishinda huenda usizione zote. Ziondoe mezani. Lakini 450,000 msiseme bado kwamba imezama. Kama una mkataba na risiti, au hata ujumbe wa M-Pesa unaoonyesha jina la aliyepokea, una madai dhidi ya aliyekuuzia, hata kama ardhi yenyewe itakwenda kwa mwenzako. Madai ya mkataba sheria inayapa miaka 6 na madai ya kurudisha ardhi miaka 12. Angalia uko wapi kwenye muda huo.

Pili, kabla ya kutoa hata shilingi kwa hizo 80,000, fanyeni upekuzi rasmi wa hati, ile watu huita sachi. Ruai iko ndani ya Kaunti ya Nairobi, na Ardhisasa, mfumo wa serikali wa kumbukumbu za ardhi mtandaoni uliozinduliwa Aprili 2021 ulianzia Nairobi. Gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha na ada ya wakili. Jibu litakuambia jina la nani liko kwenye rejista. Kama ni la aliyekuuzia, kesi ina miguu. Kama jina lake halijawahi kuwepo, ploti hiyo huenda hamtaipata, na vita vyenu vihamie kwa muuzaji.

Tatu, mpe wakili maswali haya mawili kwa maandishi: hizi 80,000 zitatufikisha hatua gani hasa, na baada yake zitahitajika ngapi? Wakili mzuri atajibu. Akikwambia "mama, umeshafika mbali, usirudi nyuma", huyo amekupa jibu la fundi wa gari, na una haki ya kutafuta maoni ya wakili mwingine.

Mama wa Pipeline:

Asante baba. Sachi hatukuwahi kufanya. Risiti ninazo zote, ziko kwenye bahasha.

Mwanzisha uzi:

Basi fanyeni kesho, wewe na mzee mkiwa pamoja, na zile risiti zipigeni nakala leo kabla hamjampa mtu yeyote za asili. Matokeo yakitoka rudi hapa, usitaje namba ya ploti hadharani, tutaendelea kutoka hapo.